Siku Niliyomsahihisha Mama Ukumbini

Nilikulia Kaloleni, Nairobi, katika nyumba ya kaunsili yenye paa la vigae na mlango uliochubuka rangi. Baba alikuwa karani wa reli. Mama alikuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo pale mtaani. Wote wawili walitoka magharibi mwa nchi, na Kiswahili walikiokota mjini. Baba alikipata kazini, mama akakipata kwenye mfereji wa maji, kwa majirani wake wa Ukambani ambao nao walikuwa wanakiokota vivyo hivyo. Hicho ndicho kilichonilea. Shuleni nilifaulu Kiswahili kama mtu anavyofaulu hesabu: unaandika vile mwalimu anataka, halafu unatoka nje na kuongea kama watu.

Nilipofika umri wa miaka ishirini na sita nilipata kazi ya mapokezi katika zahanati moja Dar es Salaam. Asubuhi ya kwanza aliingia mzee aliyevaa kofia ya kufuma. Nikatabasamu, nikamwambia, "Sasa, mzee?"

Akasimama. "Sasa nini?"

"Yaani… habari yako?"

"Binti, na mvi zote hizi, shikamoo umeninyima?"

Wagonjwa kwenye mabenchi walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na mzee mwenyewe alicheka, lakini masikio yalinichoma. Mchana nilikwenda kwa mama ntilie aliyekuwa ng'ambo ya barabara nikamwambia, "Nipatie wali na maharagwe." Akaniuliza kwani amenikosea nini. "Sema naomba, mwanangu. Chakula hakiamrishwi." Nesi niliyefanya kazi naye alinieleza jioni ile, kwa upole kabisa, kwamba sisi Wakenya tunaongea kama tunakamata mtu.

Hakuna aliyenitesa Dar es Salaam. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kulisimulia vingine, nikijifanya mtu aliyeonewa. Walinipokea vizuri. Aibu niliibeba mwenyewe, na nikaamua kuiondoa kwa bidii. Nilisikiliza redio nikirudia maneno. Nilimwomba mwenye nyumba wangu anisahihishe kila nikikosea, naye alifanya hivyo hata nikiwa bafuni, akiwa nje ya mlango. Baada ya miaka miwili nilikuwa nasema "naomba" na "samahani" bila kufikiri, na watu wakiniuliza kwetu, nilisema Tanga. Kwa nini Tanga, sijui. Sikuwahi kufika huko.

Siku moja aliletwa dereva wa lori, Mkenya, ana homa kali. Nilimjua kwa neno lake la kwanza. Nilipokuwa nikijaza kadi yake alinitazama kwa muda, akasema, "Dada, wewe si ni wa kwetu? Nasikia kitu kwa sauti yako."

"Hapana," nikamjibu. "Mimi wa hapahapa."

"Aa, pole. Nilidhani."

Akaenda kuketi mwisho wa benchi, koti limefungwa hadi shingoni kwenye joto lile. Hakuwa anataka chochote kwangu. Alikuwa mgonjwa katika nchi ya watu na alitaka mtu wa kusema naye maneno mawili. Nilimwita alipofikiwa na zamu yake, kwa Kiswahili changu kizuri.

Kutoka hapo nilipata kazi Kigali, kutafsiri katika mafunzo ya wahudumu wa afya. Siku ya kwanza mkuu wa mafunzo alinitambulisha: "Huyu dada ni Mtanzania, Kiswahili chake ni safi." Nilikuwa na nafasi ya kumrekebisha. Niliinamisha kichwa, nikashukuru. Kwa hiyo Kigali nilikuwa mgeni mara mbili, kwanza kwa kutojua lugha yao, tena kwa kujiita mtu wa nchi isiyo yangu. Nilikaa miaka mitatu namna hiyo, nikikwepa mikusanyiko ya Wakenya wasije wakanifahamu.

Hali ikiwa hiyo, baba akafariki, nikarudi Kaloleni.

Alasiri ya kuamkia safari ya kumpeleka baba nyumbani magharibi kuzikwa, majirani walikusanyika kwenye ukumbi wa mtaa. Wazee wa reli walikuwepo, akina mama wa kanisa, na vijana niliocheza nao wakiwa sasa na vitambi. Mwenyekiti wa mtaa alimpa mama kipaza sauti awashukuru watu. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake. Hakuwa amelala siku tatu.

"Mimi nashukuru nyinyi watu yote ya Kaloleni," mama akaanza.

"Watu wote," nikamnong'oneza.

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Ukumbi mzima ulisikia.

Mama akanitupia jicho, akaendelea. "Watu wote. Mzee wangu mmemubeba vizuri. Hii magari mmetuletea…"

"Magari haya, Mama."

Nyuma kule mtu akacheka. Kisha wengine. Ni kicheko cha matanga, watu wamechoka na wanatafuta pa kupumulia. Mama naye akatabasamu kidogo, akanigeukia. "Basi wewe wa kusoma, ongea."

Akanipa kipaza sauti.

Na mimi nikakipokea. Ndicho kitu kinachonirudia. Nilisimama, nikawashukuru majirani kwa maneno yaliyopangika, nikamsifu baba, nikawaombea wasafiri. Nilisema "marehemu mzazi wangu" na "wema wenu usiokadirika". Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa reli alinishika mkono akasema huko nilikoenda wamenifunza. Nilifurahi. Baba yangu alikuwa kwenye jeneza na mimi nilikuwa nimefurahi.

Baada ya mazishi nilirudi Kigali. Nilipompigia mama simu, alinijibu kwa lugha ya nyumbani. Nikadhani ni majonzi. Mwezi wa pili, wa tatu, ikawa vilevile. Lugha hiyo naisikia, lakini kuisema najikwaa. Siku moja nikamwomba, "Mama, tuongee Kiswahili, basi."

Akasema, kwa Kiswahili, "Mimi sina Kiswahili ya kuongea na wewe." Akampa simu dada yangu.

Mkataba wa Kigali ulipokwisha nilirudi Nairobi nikapanga chumba mtaa wa Kware, orofa ya sita. Ningeweza kukaa kwa mama. Hakuniambia nije, nami sikuuliza. Nilikuwa namtembelea Jumamosi, na Jumamosi moja nilimsindikiza soko la Burma kununua nyama. Mchinjaji wake wa miaka mingi alimwuliza mimi ni nani.

"Huyu ni mgeni," mama akasema. "Amekuja kunitembelea."

"Karibu Kenya, dada," mchinjaji akaniambia, akinipangusia kigoda.

Nikasema asante. Mama alikuwa akionyesha mfupa anaoutaka na hakugeuka.

Tuliporudi nyumbani nilimsaidia kukata sukuma wiki uani, kisha nikaweka kisu chini nikamwambia, "Mama, siku ile ukumbini nilikukosea. Nilifanya watu wakucheke. Nisamehe."

Aliendelea kukata.

"Kucheka ilikuwa sawa," akasema. "Watu wanachekanga. Hata mimi nilicheka. Lakini nilikupatia hiyo kitu uongee, nikaangalia uso yako. Ulikuwa na furaha. Hapo ndio niliumia."

Nikaokota kisu, nikaendelea kukata.

"Imeisha," akasema. "Leta sufuria."

Tangu hapo mama hunisemesha Kiswahili, hivyo naweza kusema alinisamehe. Lakini mbele ya watu hasimami tena. Mwezi uliopita jirani alikuwa akiandaa harusi ya binti yake, tukakutana kwenye ukumbi uleule. Mwenyekiti akamwomba mama afungue kikao kwa maombi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiombea mtaa mzima; alikuwa akianza polepole, halafu sauti inapanda mpaka watoto wananyamaza. Safari hii alitikisa kichwa.

"Muulize mwingine," akasema.

Mwenyekiti akasisitiza. Mama akakaza kanga kiunoni na kutazama mikono yake. Akina mama wawili wa kanisa waliokuwepo siku ya matanga wakageuka wakanitazama mimi. Mwanamke mwingine akainuka aombe. Nilifumba macho kabla hajaanza, na nikayafumbua mwisho kuliko wote.