Gari la Chini na Bakuli la Supu

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Learco Vaccari ni magoti ya suruali yake. Yamechakaa hadi nyuzi zinaning'inia, ilhali sehemu nyingine ya suruali ni nzima kabisa. Si kwa kusali. Learco akikutana na gari lolote, hata la kasisi, hupiga magoti kwanza, akaingiza vidole kati ya tairi na madigadi, ndipo amsalimu mwenyewe.

"Vidole vinne," husema kwa masikitiko. "Liko juu mno. Linatembea kama kuku anayekwepa matope."

Kijijini kwao, nje kidogo ya Modena, hakuna anayemshangaa. Gari analolipenda kuliko yote, hata hivyo, si lake. Ni jekundu, la mbio, la viti viwili na paa la turubai, na liliachwa na baba mkwe wake, marehemu Anselmo. Kila mwezi wa Juni, cheri zilipoiva, Anselmo alimpakia mkewe Argia, aliyejifunga kitambaa kichwani, wakapanda milimani kuzila mtini. Alipofariki, Argia alimpa Learco funguo. Kadi ya gari aliibakiza kwenye droo ya leso zake.

Mwaka jana Learco alishindwa kujizuia. Alichukua msumeno akakata springi, mzunguko mmoja na nusu kila upande. Gari likalala chini, kidole kimoja tu. Watu wa baa wakapiga makofi. Jumapili akampakia mama mkwe kwenda kanisani, kwa njia ile ya mawe yaliyopangwa.

"Learco, simamisha!"

"Mama, zimebaki mita mia mbili tu."

"Hizo nitazitembea. Mifupa yangu nimeihesabu yote humu ndani, hakuna hata mmoja uliobaki mahali pake."

Tangu siku hiyo hakupanda tena. Cheri za mwaka jana zilipita bila yeye. Mwaka huu akaja daktari wa meno kutoka Bologna, akalizunguka gari, akatabasamu, akauliza bei. Argia akamwambia asubiri. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Nitapanda mara moja, kutoka kanisani kwa njia ile ya mawe. Nitashika bakuli la supu mapajani. Tone likimwagika kabla ya daraja, daktari aje na kalamu yake."

Learco alikwenda mbio kwa Vezio, mzee aliyetumia maisha yake yote chini ya magari ya mashindano.

"Ulilishusha gari ukaisahau safari ya springi, nafasi yake ya kubonyea," Vezio alimwambia. "Lilikuwa limekalia mpira wa kuzuia chuma kisigonge chuma. Kila jiwe lilimpiga mama mkwe wako bila kupitia kwa mtu."

Wakatupa springi zilizokatwa. Wakafunga nyingine, fupi kiasi, zilizo laini mwanzoni na ngumu zikibanwa zaidi, na shokapu za kwenda nazo sambamba. Mipira ya kuzuia wakaipunguza. Matairi membamba kama mkanda wakayabadilisha kwa mengine yenye kimo zaidi. Learco akaweka bakuli la maji juu ya kiti cha abiria, akapita kwenye mawe ya kanisani mara sita. Hakuna hata tone. Na gari lilikuwa chini! Kidole kimoja na nusu.

Jumatano akalipeleka kwa mama mkwe kujigamba. Argia alilitazama, kisha, kama kawaida yake, hakumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Alimpakilia dumu la kioo lenye divai ya shambani, nusu ya jibini la duara, chupa nane za jamu na soseji mbili. Kwenye tuta la kwanza, tumbo la gari liligonga lami kwa kishindo.

Vezio alicheka hadi akakaa chini. "Ulilipima likiwa tupu? Hebu niambie, wewe umezaliwa hapa kweli? Ni lini gari limetoka kwa mama mkwe likiwa tupu?"

Ilibidi kupima upya, pamoja na mzigo na abiria. Learco akarudi kwa Argia, kofia mkononi.

"Mama, samahani. Naomba kujua uzito."

"Uzito wa nini?"

"Wa… abiria."

"Andika hamsini."

Nyuma yake, Loretta, mkewe Learco, alikuwa akionyesha kidole kuelekea dari, mara tatu.

"Hamsini," Argia alirudia bila kugeuka. "Na wewe Loretta, shusha mkono."

Learco akaandika hamsini. Gerejini kwake akapakia magunia matatu ya unga, ya kilo ishirini na tano kila moja, pamoja na dumu na jibini, akaliinua gari hadi vidole viwili. Iliuma, lakini aliinua.

Jumapili hii, misa ikiisha, gari linasubiri mlangoni, paa limefunguliwa, dumu tayari nyuma. Watu wa baa wametoa viti nje hadi karibu na daraja. Argia anatoka. Hakuchukua bakuli la kina. Amechukua lile pana la harusi yake, lililo bapa kama sahani, na supu imefika ukingoni, vijitortellini, vile vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, vikielea.

"Mama, hilo jamani!"

"Hukuniuliza bakuli lipi."

Anaketi, anajiweka sawa, supu inatulia. Ndipo Learco anapoona kwamba amejifunga kile kitambaa cha milimani, na kwamba miguuni pake pana kikapu kitupu cha cheri.

"Unatazama nini? Washa," anasema Argia. "Tena usiniendeshe kama mayai. Anselmo alikuwa anakwenda sitini."

Loretta ameziba macho kwa kiganja, lakini vidole kaviachanisha. Learco anawasha gari, anaweka gia, na jiwe la kwanza liko mita kumi mbele.