Goti la Mzee wa Mau Narok

Baba yangu alikuwa mtu wa reli hapo Nakuru. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa uwanjani, na sisi tulikaa landi, ile safu ndefu ya vyumba vya wafanyakazi ambako familia nyingi zilikuwa zimetoka magharibi kama sisi. Siku moja ya mvua aliteleza kati ya mabehewa, akajishikilia kwa mkono mmoja, na bega likachomoka. Hospitalini walilirudisha mahali pake wakaufunga mkono kifuani. Walipokuja kuufungua, mkono haukuinuka. Baba alikuwa akikaa mezani akiuangalia kama kitu cha mtu mwingine, mama akimshikia kikombe cha chai.

Ndipo akatumwa kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akija siku kadhaa za juma kwenye wodi za Waafrika. Baba hakujua Kiingereza, na bibi yule alijua Kiswahili cha jikoni tu, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda kuwatafsiria. Nilidhani atampa dawa. Badala yake alimsimamisha baba mbele ya ukuta.

"Mwambie apandishe vidole," aliniambia, "polepole, kama buibui."

Nilimwambia. Baba alinitazama vibaya kidogo, kisha akaanza. Vidole vilipanda hadi kifuani, vikakwama. Siku iliyofuata vikapanda zaidi. Nyumbani aliendelea kwenye ukuta wetu wa landi, na majirani waliopita mlangoni walimcheka, naye akawacheka pia. Jioni moja alinyoosha mkono ule ule akachukua sufuria iliyokuwa juu ya rafu, bila kufikiri. Mama aliacha kukoroga uji akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshaamua nitafanya kazi gani.

Yule bibi ndiye aliyeniombea nafasi katika chuo cha kutibu viungo huko Nairobi nilipomaliza shule. Mama hakupenda.

"Utakuwa ukikanda wanaume wasiokujua?" aliniuliza.

"Nitakuwa ukitibu watu, mama," nilimjibu kwa haraka nikikosea hata maneno, na baba akacheka akasema aliyekosea lugha namna hiyo ana hamu ya kutosha, aachwe aende.

Nilipanda gari la moshi kwenda Nairobi nikiwa na sanduku la bati. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari wakipita ndani ya mabehewa wakitaka pasi za watu, na abiria tulikuwa tukizungumza kwa sauti ya chini hadi walipopita. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vichache nyuma ya hospitali kubwa. Wanafunzi wengi walikuwa wanaume waliowahi kuwa madresa, wafunga vidonda wa hospitali. Wasichana tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu kutoka Machakos, na chumba chetu kilikuwa kidogo hivi kwamba mmoja akivaa, mwingine alilazimika kukaa kitandani.

Siku hizi nikikumbuka chuo, nakumbuka kwanza sanduku la mifupa. Lilikuwa la mbao, na ndani yake mlikuwa na mifupa halisi ya mtu. Mwalimu alikuwa akitufunga macho kwa kitambaa, anatuwekea mfupa mkononi, nasi tuutaje. Mwenzangu wa Machakos aliogopa sana wiki za kwanza. Alishika mfupa kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kaa la moto. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akiniamsha asubuhi kwa kunitajia misuli ya mguu wangu mmoja mmoja akiibonyeza.

Mwalimu wetu alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, aliyekuwa na tabia ya kusugua viganja vyake kabla ya kumgusa mgonjwa. Nairobi asubuhi ina baridi. Alituambia, "Mgonjwa ataamua juu yako mara tu utakapomgusa. Usimguse kwa mikono baridi." Tulijifunza kukanda kwa unga wa talki, kufunga mifuko ya mchanga kwenye vifundo vya miguu, kupitisha kamba kwenye kapi ili mguu dhaifu uinuliwe na mkono wenye nguvu. Tulitumbukiza mikono yetu wenyewe katika nta ya moto ili tujue mgonjwa anasikiaje. Tulijifunza pia kusubiri, ingawa hilo halikuwa na saa yake katika ratiba. Watoto waliokuwa wamepooza miguu kwa polio waliletwa kwenye chumba cha mazoezi wakibebwa, na wakati mwingine tulikaa kitako mbele ya mguu mdogo asubuhi nzima tukimwomba mtoto asogeze kidole gumba. Kidole kikisogea, chumba kizima kilijua.

Nilirudi Nakuru nikiwa na sare nyeupe iliyonyooshwa na mwenzangu, kama zawadi ya kuagana. Yeye alipelekwa kwao Ukambani. Mimi nilipewa wodi ya wanaume, ile ile ambamo baba alikuwa ametibiwa, na wodi ya watoto. Nilikuwa na nguvu za kuinua kitanda. Siku ya kwanza nilipita kitanda hadi kitanda nikijitambulisha, na wengi walinipokea vizuri: watu wa viwanda vya mbao kutoka Elburgon waliokatwa na misumeno, makuli wa ghala za nafaka za Rongai, watu wa reli walioniita mtoto wao kwa sababu walimjua baba.

Mwisho wa wodi, karibu na dirisha, alikuwa amelala mzee kutoka Mau Narok. Alikuwa mwendesha magari ya ng'ombe katika shamba la mzungu kule juu, na mkokoteni uliojaa viazi ulikuwa umepinduka mtelemkoni ukamvunja paja. Mguu wake ulikuwa umekaa miezi ukivutwa kwa kamba na uzito hadi mfupa ukashika. Sasa kamba zilikuwa zimeondolewa, na goti lilikuwa gumu kama gogo. Nilisugua viganja, nikamsalimu, nikanyoosha mkono kuondoa shuka.

Alilishika shuka kwa mikono miwili.

"Hapana shika mguu yangu," alisema kwa Kiswahili cha mashambani. "Mimi nazaa msichana kama wewe. Yeye iko nyumbani na watoto yake."

"Mzee, mimi nimefunzwa kazi hii."

"Mimi nasikia. Lakini hapana shika."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Angenitukana ningejua la kufanya. Sista, yaani muuguzi mkuu wa wodi, Mwingereza mwenye haraka, aliniambia nimfunue tu nifanye kazi yangu, maana goti halingoji adabu. Juu ya goti alisema kweli. Lakini nilimwona mzee yule alivyolishika shuka, nikajua nikilivuta, atakuwa ameshindwa mbele ya wodi nzima, na hatanipa tena mguu ule hata nikiushika. Nikaomba dresa wa kiume amfanyie. Alikuja mara moja tu, akaitwa kwingine, na siku zikapita.

Nikaanza kukaa tu karibu na kitanda chake nikimaliza kazi. Tulizungumza juu ya ng'ombe. Aliniambia jinsi dume la mbele linavyochaguliwa, na kwamba mnyama akifundishwa kwa fimbo peke yake atakuangusha siku ya matope. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, ukitoka hapa unataka mguu huo ufanye nini?"

Alifikiri. "Iko kigoda yangu nyumbani, fupi. Mimi nataka kaa hapo. Kama mguu nasimama mbele kama fimbo, watoto naruka juu yake." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na bwana ya shamba natafuta mtu ingine. Kama mimi hapana weza kazi, sisi nahama. Nakwenda wapi?"

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kupima kiasi ambacho goti linakunjika. Hatukuwa tumefundishwa kuuliza kuhusu kigoda. Nilikwenda nyumbani nikiwaza, nikamweleza mama tulipokuwa tukichambua mboga. Yeye ambaye hakupenda nisomee kazi hii ndiye aliyeuliza, kana kwamba ni jambo la wazi kabisa, "Huyo mzee hana mke?"

Alikuwa naye. Lori la maziwa lilishuka kutoka Mau Narok karibu kila siku, na kwa dereva wake tulituma habari. Mke akaja akiwa amekaa kati ya makopo ya maziwa, amejifunga shuka, na kibuyu cha maziwa lala, yale yaliyoganda, begani. Alikuwa mwanamke mrefu, wa umri wa mama, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Hakuwa na mahali pa kulala mjini, kwa hiyo alilala kwetu landi, chumba kimoja na mimi.

Kesho yake tulifunga pazia kuzunguka kitanda. Yeye akaingia ndani na mumewe, mimi nikabaki nje, nikizungumza na kitambaa.

"Mzee, mwambie aweke mkono mmoja chini ya goti, mwingine kwenye kifundo."

Sauti ya mzee ilitafsiri. Kisha mama yule akasema kitu kirefu.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema mguu yangu iko chafu," mzee alijibu, na wodi ikacheka.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilikuwa nimemfundisha mkewe nyumbani kwanza, juu ya mguu wa baba, ambaye alijilaza kitandani kwa utii na kutoa kilio cha uongo kila alipoguswa. Mama yule alikuwa na mikono ya kukamua, yenye nguvu na subira, na alielewa haraka. Nilichompa ni mpangilio: wapi pa kukanda, kiasi gani cha kukunja, lini kuacha. Goti lilipofika pale pa maumivu mzee alinyamaza, nami nje ya pazia sikuweza kuuona uso wake. Nikamwambia anipe sauti yoyote nijue. Basi akaanza kuliita goti lake jinsi alivyokuwa akiwaita madume wake mlimani, kwa ile sauti ndefu inayoanzia tumboni. Mara ya kwanza sista alikuja mbio. Baada ya siku chache wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakiitikia, na mtu wa Elburgon aliyekatwa vidole alisema wodi imekuwa zizi.

Pazia lilifunguka lenyewe, kwa maana kwamba hakuna aliyelifungua kwa makusudi. Asubuhi moja mkewe alichelewa sokoni na mama yangu. Nilipita karibu na kitanda, na mzee akaniambia, akitazama dirishani, "Wewe najua hii kazi kuliko yeye. Fanya, lakini upesi." Alikuwa ameshaweka shuka pembeni, amelipanga vizuri. Nilisugua viganja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha nikaanza. Tangu siku hiyo tulifanya kazi pamoja, mkewe upande mmoja, mimi mwingine.

Nyumbani nako mambo yalikuwa na utamu wake. Mama na mgeni wetu hawakuwa na lugha ya pamoja. Walipika wakielekezana kwa vidole, wakabishana juu ya mboga ichemke kiasi gani, kila mmoja kwa lugha yake, na mwisho walielewana kuliko watu wengi waliozungumza lugha moja. Mama alijifunza kunywa maziwa lala. Mgeni alijifunza kula samaki, ingawa alifumba macho.

Mzee alianza kwa magongo, akapanda kwenye fimbo. Nilimwomba seremala wa hospitali anitengenezee kigoda kifupi, na siku mzee alipokikalia, goti lilikunjika pole pole likashuka, na kisigino kikakaa chini. Alibaki pale hadi chakula cha mchana. Wenzake walipita wakamsalimu kama mtu aliyeko uani kwake. Mguu haukurudi wote. Kuendesha magari ya ng'ombe mtelemkoni hangeweza tena. Lakini daktari alimweleza mwenye shamba kwamba mtu huyu anaweza kusimama, kutembea na kufundisha, na mzungu yule akampa kazi ya kufunza ng'ombe wachanga kuvuta nira. Familia haikuhama. Walipoondoka kwa lori la maziwa, mama yangu alisimama barabarani akipunga kitenge hadi lori likapotea kwenye vumbi, kisha akarudi ndani akalalamika kwamba chumba kimekuwa kikubwa.

Nilifanya kazi wodi ile hadi nilipoolewa na kuhamia Kisumu, mwisho wa miaka hiyo ya hamsini. Nimefanya kazi hospitali nyingine tangu hapo, zenye mashine ambazo mwalimu wetu hakuziota, na nimewafundisha vijana wengi. Wanapofika kwangu wanajua mifupa yote. Nawapeleka wodini, nawaambia wakae kwanza na mgonjwa, wamuulize nyumbani kwake kuna nini: ngazi, kisima, shamba lenye mtelemko, mtoto wa kubeba. Wengine wanaona napoteza muda wao. Baadhi yao hurudi kwangu baada ya miaka wakiwa na visa vyao wenyewe, na tunakaa tukisimuliana hadi chai inapoa.

Nakuru yenyewe huwa nainusa zaidi ya kuiona. Asubuhi upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya magadi hadi wodini, na wagonjwa waliotoka milimani walikunja pua. Mimi nilifungua madirisha yote. Nilikuwa kijana, kazi ilikuwa mpya kwangu na mpya kwa watu wetu, na kutoka safu zote mbili za vitanda walikuwa wakiniita, "Sasa ni zamu yangu, dada."