Sili ya Nyuma Niliyoibadilisha Mara Mbili

Mimi ni fundi magari hapa Buzebazeba, na mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilikuwa natamba kwamba injini niliyoifunga mimi haidondoshi hata tone.

Mama Zuhura, mchuuzi wa soko la Ujiji, akaniletea kigari chake, kile chenye injini chini ya kiti. Nikaifumua, nikaifunga upya. Siku ya pili akarudi: "Fundi, linavuja."

Nikachungulia chini. Kweli, tone jekundujekundu kama oili mpya! Akashusha mizigo yake, akaniachia gari. Nikabadilisha sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, likakauka kabisa. Nikajisifu. Akarudi, linavuja! Nikabadilisha tena, na gasketi pia. Likakauka. Akarudi!

Mara ya tatu nikapandwa na hasira. Mbele ya mafundi wenzangu nikamtukana muuza spea, nikailaani sili na aliyeitengeneza.

Mama Zuhura akachoka kunisikiliza. Akachutama, akachovya kidole kwenye lile tone, akakilamba.

"Fundi," akasema, "haya ni mawese yangu. Haya, kashushe dumu lililo nyuma ya kiti, ulibadilishie sili."