Jazi Isiyo na Gitaa

Jumamosi ile ndani ya ukumbi wa mtaa tulikuwa watu wanne, ukiwaacha vijana wa dansi. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, ambaye ndiye huwafundisha hao vijana. Kulikuwa na mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, ambaye marehemu mke wake alinishikia maua siku ya harusi yangu. Na kulikuwa na kinyozi, rafiki ya marehemu mume wangu, aliyemnyoa mpaka kitandani hospitalini, kwa hiyo mimi ni shemeji yake na ataniita hivyo mpaka tuzikwe. Majina yao wote ninayo kichwani, na ya baba zao pia, lakini hakuna aliyeniomba nimwandike, basi nitawaacha hivyo.

Shida ilianzia kwenye barua. Vijana walikuwa wakicheza kwenye saruji nyuma ya kanisa, viatu vinalika na magoti yanauma. Ukumbi wetu una sakafu ya mbao. Mjukuu wangu akaandikia kamati, nami nimo kwenye hiyo kamati kwa sababu ya kukaa mtaani muda mrefu tu, si kwa kusoma. Akaomba ukumbi kila Jumamosi alasiri, kwa ajili ya dansi ya muziki wa jazi.

Neno hilo ndilo lililoharibu mambo. Sisi tuliokulia mitaa hii ya Eastlands, ukituambia jazi tunasikia gitaa. Gitaa tatu, saksafoni, na mwanamume analia juu ya mwanamke aliyemwacha. Bendi yoyote ya kujiheshimu ilikuwa na jazi mwishoni mwa jina lake. Kwenye kikao, mwenyekiti akitusomea barua, alipofika kwenye neno lile alivua miwani.

"Jazi mimi naijua," alisema. "Jazi ilikula jicho la ndugu yangu humu humu ndani."

Ni kweli. Chupa ilirushwa katika dansi, zamani hizo, na kijana yule alibebwa mgongoni mpaka hospitali. Aliyembeba ni huyu kinyozi.

Kinyozi naye, aliye pia kwenye kamati, alikuwa akitabasamu peke yake. "Mimi jazi sikatai," akasema. "Jicho lilitolewa na pombe, si gitaa."

Wakabishana, mwisho mwenyekiti akanigeukia. "Mama, huyo ni mjukuu wako. Nenda usikilize hiyo kitu. Jumamosi tutaenda kuona, wewe utatuambia ni jazi ama si jazi. Ikiwa jazi, ufunguo sitoi."

Nilienda nyumbani nikamwambia mjukuu. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Shosho, hii ni jazi ingine. Ya ng'ambo. Ya kitambo."

"Kitambo kuliko mimi?"

"Kuliko wewe."

Hapo nikataka kuisikia. Akaniwekea kwenye simu. Ni mwanamke anaimba, kwa Kiingereza, na mimi katika maneno kumi naokota mawili. Nyuma yake kuna matarumbeta mengi yanayosukumana kama watu kwenye foleni ya maji. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa safi, haina hata vumbi. Nikasema ni nzuri. Mjukuu akaweka tena wimbo ule ule, lakini sasa wapigaji ni wachache, na anayeimba ana sauti iliyokwaruzika, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu miaka mingi.

"Na huyu ni nani?"

"Ni yeye tu. Pale alikuwa msichana. Hapa ni shosho kama wewe."

"Na nyinyi mnapenda kucheza ipi?"

"Ya uzee. Wote. Hata wale wameanza juzi."

Hilo lilinishangaza. Kama ni mimi ningechagua ile ya matarumbeta. Nikamuuliza kwa nini, akafikiri, akasema, "Sijui kueleza. Anatuachia nafasi." Nafasi gani, hakuweza kusema. Alinieleza tu kwamba dansi yenyewe ina jina la bembea, swing kwa Kiingereza, na mimi nikabaki kujiuliza bembea inaingiaje hapo.

Siku iliyofuata alipokuwa amelala bado nilichukua simu yake, nikakaa na sinia la mchele nichambue mawe huku nasikiliza. Nilisikiliza ile ya uzee mpaka simu ikaisha chaji. Mara ya tano au ya sita ndipo nikasikia: yule mama anachelewa. Ngoma inaenda, kile kinanda kikubwa cha nyuzi nene kinaenda dum, dum, hakisimami, na yeye hayuko. Unaogopa kwamba amesahau. Halafu unamkuta ameshaingia, wala hujui ameingilia wapi.

Mkono ukasimama kwenye mchele. Hiyo kitu niliijua. Ni kuruka kamba.

Tulipokuwa wasichana, wawili wanazungusha kamba, wewe uko nje unatakiwa kuingia. Msichana mwoga anaingia mara tu kamba inapopiga chini, na kamba inamchapa kwenye muundi. Msichana mjanja anasimama pale, anatikisa kichwa pamoja nayo, anaiacha ipite, anaiacha tena. Mnamwambia ingia basi, anawacheka. Halafu yuko ndani, na kamba haijagusa hata sketi yake. Ndivyo anavyoimba yule mama wakati wa uzee. Katika ile ya usichana matarumbeta yanamsukuma, anaingia palepale yanapomwambia. Baadaye hakuwa tena na mtu wa kumharakisha. Na pale anapongoja, pale ndipo vijana wanaweka miguu yao.

Nilimwambia mjukuu. "Hiyo nitawafunza nayo," akasema. Kisha akasema, "Lakini Shosho, Jumamosi wakikuuliza, sema tu si jazi. Hatuna mahali pengine."

"Niseme uongo?"

"Si uongo. Jazi yao si hii."

"Na hii ni nini?"

"Ni jazi," akasema, akainamia kiatu chake.

Jumamosi kinyozi alikuja na suti ya kahawia na vile viatu vya rangi mbili. Mwenyekiti alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, akakataa kiti. Vijana wakashikana wawili wawili, mjukuu akafungulia spika, mbao zikaanza kulia chini ya miguu yao.

Kinyozi akaninong'oneza, "Gitaa iko wapi?"

"Ngoja."

Akangoja. "Shemeji, huyu mama amechelewa. Wenzake wameanza."

"Anangoja kamba."

"Kamba gani?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, kisha akaangalia viatu vyake kama mtu aliyealikwa karamu akakuta ni mkutano.

Wimbo ulipokwisha mwenyekiti akauliza, "Haya, mama. Ni jazi ama si jazi?"

Mjukuu alikuwa akiniangalia. Vijana wote walikuwa wakiniangalia. Na mimi nilikuwa nimekaa na yule mwanamke wiki nzima. Kumnyima jina lake mbele ya watu nilishindwa.

"Ni jazi," nikasema. "Tena hii ndiyo iliyozaa jina. Yetu ya gitaa ililiazima tu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu. "Asante kwa ukweli, mama. Basi, watoto, kusanyeni vitu vyenu." Mjukuu akaenda kuzima spika. Hakunitazama.

Hapo kinyozi akasimama, na nawaambia hakuwa anatetea mtu, alikuwa amekasirika. "Jazi gani hii? Mimi nimetoa suti kwenye sanduku. Hakuna gitaa, hakuna wa kuitikia, mama mmoja anaimba kama anatafuta mkoba wake. Ikiwa hii ni jazi, mimi ni padri."

"Wewe unasema si jazi?" mwenyekiti akauliza.

"Nimeshasema. Hii ni mazoezi ya viungo."

Mwenyekiti akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeniomba radhi, "Mama, wewe umesikiliza kwa simu. Huyu alikuwepo. Alimbeba ndugu yangu. Kama yeye anasema si jazi, si jazi."

"Lakini mwenyekiti..." nikaanza, na mjukuu wangu akanikanyaga mguu.

Mwenyekiti akauweka ufunguo mkononi mwa mjukuu. Kwenye kitabu cha ukumbi iliandikwa, na mpaka leo imeandikwa, mazoezi ya viungo, Jumamosi alasiri. Wanacheza. Mimi huenda, nakaa ukutani, namsikiliza yule mama akichelewa.

Kitu kimoja sina hakika nacho. Nakumbuka siku ile wimbo uliopigwa ni ule wa uzee. Mjukuu anasema hapana, aliogopa akaweka wa usichana, na kwamba kinyozi alilalamika juu ya kuchelewa kwa sababu masikio yake ndiyo yaliyochelewa. Kama ni hivyo, basi nilimweleza kamba ambayo haikuwepo. Wewe uliyecheza siku ile, kama unakumbuka miguu yako ilipata nafasi au haikupata, njoo unisahihishe. Asubuhi niko nyumbani, isipokuwa Jumapili.