Mahari Alipoolewa Mama

Kosa langu lilikuwa herufi moja. Katika barua ya kwanza kwenda baraza la usuluhishi, kwa niaba ya mama, niliandika: "Shauri hili ni juu ya mahari alipoolewa mama." Nilitaka kusema mahali. Nyumbani tunaongea Kihangaza, na vinywani mwetu maneno hayo mawili ni neno moja.

Mahali penyewe ni shamba la migomba, Bukiriro. Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa tulibomoa nyumba, migomba ikabaki. Baba alikuwa akirudi kuipalilia. Alipokwenda vitani na mgambo, mdogo wake akaanza kukata mikungu kana kwamba migomba aliipanda yeye.

Katibu wa baraza, mtu wa kuja, aliisoma barua kama ilivyoandikwa, kwa sauti, mbele ya watu wote. Baba mdogo akaruka.

"Mmesikia? Kaka yuko vitani, shemeji ameshaanza habari za mahari! Anataka kurudi kwao!"

Watu wakaguna. Kwetu, mke anayetaja mahari mumewe akiwa hai ni mke anayefunga mizigo. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, aliniuliza polepole nimeandika nini. Tukapewa wiki moja tujiandae upya.

Wiki hiyo sikula vizuri. Shule niliiacha darasa la nne. Kiswahili nilijifunzia kwenye magazeti ya kufungia chumvi, nikajiona bingwa. Niliandika barua ile mara kumi na moja. Neno "mahali" nililikolezea wino mpaka karatasi ikatoboka, nikaichana, nikaanza tena. Nilimchukia baba mdogo, nikamchukia katibu, na nilijichukia mwenyewe kuliko wote wawili.

Nilikutana na baba mdogo njiani, mkungu wetu begani mwake. Kwa mara ya kwanza maishani sikumwamkia.

"Ee, karani! Shikamoo nayo imeadimika kama sabuni?"

"Huo mkungu ni wa baba."

"Basi uandikie mkungu barua."

Nilikwenda mbio mpaka nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea, nikimtafsiria. Alinisimamisha kwenye mstari wa kwanza.

"Toa hilo neno."

"Mama, sasa limeandikwa sawasawa!"

"Sawasawa kwa nani? Katibu atasoma mahali, baba yako mdogo atasikia mahari. Andika migomba."

Nilikasirika kweli. Siku sita nimepigana na herufi, naye amelitupa neno zima kama ganda la ndizi. Nilibisha. Akaendelea kumenya. Mwishowe nikaandika alivyosema, sentensi tatu tu: "Mimi ni mke wa mtu aliye vitani. Siendi popote. Naomba migomba niliyopanda na mume wangu ili akirudi aikute."

Katibu aliposoma, baba mdogo alifungua kinywa akitafuta neno la kudandia. Hakulipata. Wazee wakamwambia asikanyage tena shambani mpaka kaka yake arudi.

Baba bado hajarudi. Migomba anaipalilia mama, na mikungu anaikata yeye. Baba mdogo namwamkia, lakini kwa shida. Na barua ya mtu aliyeniomba nimwandikie siitoi tena mkononi mwangu kabla sijamsomea mwenyewe, neno kwa neno, kwa lugha yake.