Filimbi ya Pili

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani ng'ambo, huwaambia nilikuwa nasimama. Wengi hudhani nilikuwa mlinzi mlangoni mwa duka, na siwalaumu, maana vijana wengi wa Kampala wamekwenda ng'ambo kwa kazi hiyo. Mimi nilisimama golini. Nilikuwa kipa wa lakrosi, mchezaji wa kulipwa, na kwa kadiri nijuavyo hapa Mbuya, kilima chetu cha kambi ya jeshi, nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nilikuwa bora pia.

Lakrosi, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kukimbizana na fimbo yenye kikapu cha wavu kwenye ncha. Mpira ni wa raba, mdogo na mgumu. Unaudaka kwa kile kikapu, unakimbia nao, unaurusha, na anayetaka kukunyang'anya anaweza kukupiga fimbo mikononi. Sheria inamruhusu. Nilipaswa kumweleza baba jambo hilo mapema.

Fimbo zililetwa na wageni fulani waliopita wakifundisha michezo, wakamwachia mwalimu wa shule iliyo jirani na kambi ya jeshi. Nyavu zilipokatika tulizipeleka Ggaba, ufukoni mwa ziwa, kwa fundi wa nyavu za samaki. Aliigeuza fimbo ya kwanza, akaingiza ngumi ndani, akauliza ni ya samaki gani. Tukamwambia ni ya mpira. Akaishona kwa uzi wa sangara hata hivyo, na tangu siku hiyo mpira ukiingia mle ulikuwa hautoki ovyo. Fimbo zetu zilinuka samaki miaka yote tuliyozitumia.

Baba alikuwa sajini kutoka kaskazini. Vita vya themanini na sita vilimkuta upande ulioshindwa, baadaye jeshi jipya likampokea, na badala ya bunduki likamkabidhi bendera. Aliipandisha asubuhi na kuishusha jioni, na alikuwa na filimbi ya chuma aliyoitunza kuliko viatu. Ilipolia mara ya kwanza jioni, kambi nzima ilisimama. Mwenye baiskeli alishuka, mama aliyekuwa anasonga ugali aliacha mwiko ndani ya sufuria, sisi watoto tuliganda pale pale tulipokuwa, hata kama ni katikati ya kugombana. Bendera ikifika chini na kukunjwa, alipuliza ya pili, na maisha yakaendelea pale yalipokatikia. Aliyetikisika kabla ya filimbi ya pili alikiona cha mtema kuni. Watoto wa kambini tulijifunza kusimama kabla ya kujifunza kusoma.

Lakrosi yangu hakuipenda. "Wewe mkubwa sasa," aliniambia, "bado nakimbiza mpira na chandarua. Hii kazi gani?" Nilimwambia kuna watu wanalipwa kwa kuicheza. Akacheka mpaka akakohoa. Aliniona mara moja nikirusha mpira ukutani, akaniuliza kama ukuta nao unalipwa.

Kisha ikaja habari kwamba kocha wa timu moja ya kulipwa, mzungu, atapita Kampala kutazama wachezaji, na atachukua mmoja. Mmoja tu. Tungecheza mbele yake sisi wa kambini na vijana wa Kikongo wa kanisa moja, ambao ndio walikuwa wapinzani wetu wa kila Jumamosi. Mimi nilikuwa mshambuliaji. Nilikuwa na mbio, na nasema hivi bila kujisifu kwa sababu sasa goti langu moja halikunji. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikanishinda. Na nilitaka baba aone nikichukuliwa. Nikamwomba aje. Alikuja amevaa koti la Jumapili, filimbi mfukoni kama kawaida yake, akasimama pembeni mwa uwanja kwa ukakamavu wa mtu anayekagua gwaride.

Mchezo ulikuwa mzuri. Nilifunga mapema, nikamwona kocha akimnong'oneza mwalimu wetu. Baadaye nilirudi nyuma kuuchukua mpira mbele ya goli letu, na nilipogeuka ili nikimbie, beki wa Kikongo, rafiki yangu mkubwa, akanishukia kwa fimbo mikononi. Alinipiga inavyotakiwa. Akanipiga tena, helmeti ikanikaa upande, na mwamuzi hakusema kitu kwa sababu hapakuwa na la kusema.

Ndipo filimbi ya baba ikalia.

Nilisimama. Sikuamua kusimama, miguu ndiyo iliyoamua. Mikono ikashuka mapajani, fimbo ikaanguka, mpira ukabingirika. Timu yetu nzima ilisimama, kipa wetu naye akiwa amekakamaa kwenye kona ya goli, mkono mmoja hewani. Waliokuwa wakitembea uwanjani ni Wakongo na mwamuzi tu, ambao hawakuwahi kuishi kambini na hawakuelewa ni ugonjwa gani umetuingia.

Rafiki yangu aliutazama mpira, akautazama umati, akauokota. Mchezaji afanye nini? Akaurusha golini. Mimi nilikuwa kati yake na goli, ukanipiga kifuani. Ukamrudia, akaurusha tena, ukanipiga pajani. Sikutikisika. Nilimwona baba kwa pembe ya jicho, filimbi iko mdomoni, mashavu yamejaa, na ya pili haiji. Mpira wa tatu ulinipita sikioni ukaingia goli. Baba akaitoa filimbi mdomoni, akaifuta kwa leso, akaitia mfukoni na kwenda zake nyumbani. Ilibidi mwamuzi apite akitutikisa mabega mmoja mmoja.

Baadaye rafiki yangu alinifuata pale nilipokaa nyuma ya choo cha shule nikilia kama mtoto. "Ndugu, unisamehe," akasema. "Nilisema labda munasali."

Nilijua nafasi imekwenda, na nilijua nani ameichukua. Nilimchukia baba siku ile kwa moyo wote, na kwa bidii.

Kocha aliniita. Kupitia mwalimu akauliza kwa nini sikusogea mpira uliponipiga. Nikajibu ukweli: filimbi ya pili ilikuwa haijalia. Alitikisa kichwa taratibu. Nadhani alifikiri ni falsafa. Akasema washambuliaji wa mbio anao tele kwao, ila mtu anayepigwa mpira ule kifuani bila kufumba macho hajapata kumwona. Kesho yake aliniweka golini, akanirushia mipira mpaka mkono wake ukachoka. Kila mpira ulipokuja nilijisikilizia filimbi kichwani, nikasimama. Akanichukua.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na kazi ilikuwa kupigwa. Ulikuwa mji wa baridi, tukicheza ndani ya jumba kubwa, mashabiki wakila viazi. Nilifikiri wachezaji wa kulipwa wanaishi kama mawaziri. Kumbe nahodha wetu alikuwa mwalimu wa hesabu, beki alikuwa fundi bomba, na mimi siku zisizo na mechi nilipanga masanduku kwenye ghala. Jumamosi tulikuwa mashujaa, Jumatatu tulipanda basi kwenda kazini. Watoto waliniomba saini, kisha wakaniuliza mimi ni nani.

Na baba tuliongea kwa simu, habari za mvua na za mama. Mechi ile hatukuigusa. Mara moja tu aliukaribia mchezo wenyewe: "Nasikia huko wanalipa wewe kupigwa." Nikasema ndiyo. "Sisi tulipigwa bure," akasema, akampa mama simu.

Niliumia sana kwa maneno yale, zaidi ya mpira wowote.

Goti lilipokufa, klabu ilinifanyia keki, na nikarudi. Baba alikuwa amestaafu, yeye na mama wamepanga vyumba viwili chini ya kilima, nje ya kambi, ingawa majirani karibu wote walikuwa familia za askari. Alikuwa amekonda. Nilimkuta amekaa barazani, nikaketi kwa taabu nikiunyoosha mguu mbele yangu. Alilitazama goti muda mrefu.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Mzee."

"Ile siku," akasema, bila kunitazama, "mimi niliona wanaua wewe. Mimi nimeona watu nauawa na fimbo. Nikapiga filimbi."

Nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote ile: mbona hakupuliza ya pili?

"Ningepiga saa ngapi?" akasema. "Ya pili ni bendera ikifika chini. Pale bendera haikuwa. Ninyi yote nasimama, naangalia mimi. Wewe napigwa kifua, haukimbii, kwa sababu ni mimi nimesema simama. Mimi sikujua namna ya kuachilia wewe. Nikakimbia. Mimi, sajini."

Hasira yangu niliitafuta pale nilipokuwa nikiiweka, sikuiona.

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na filimbi. Aliifuta kwa leso ile ile, au nyingine inayofanana nayo. Akasimama wima mbele yangu, visigino pamoja, akapuliza mara moja, kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

Nililia, wala sikujificha nyuma ya choo.

Kumbe majirani nao walisikia. Njia nzima ilikuwa imesimama, watoto wameganda na mpira wao wa maganda ya migomba, mama mmoja ana dumu la maji kichwani, hathubutu kulitua. Wao hawakujua kwamba ile ilikuwa ya pili. Baba aliwatazama, akanitazama mimi, akavuta pumzi na kuwapulizia na wao.