Hisa Kumi za Kuku

Jumamosi moja tulikuwa barazani kwetu Kinyerezi, redio ikasema bei ya hisa imepanda. Binti yangu mkubwa, wa miaka tisa, akauliza hisa ni kitu gani. Mie nilikuwa nimenunua chache kwa simu, basi nikajiona mtaalamu.

Nikachana karatasi vipande kumi, nikawapa yeye na mdogo wake wa miaka sita vitano vitano.

"Kuku wa bibi ndiyo kampuni. Kila karatasi ni sehemu yake. Akitaga, mayai mnagawana kwa karatasi. Ukichoka na zako, muuzie mwenzako kwa bei mtakayoelewana. Hapo mnapouziana ndiyo soko la hisa."

Mama mkwe wangu, bibi yao, alikuwa anachambua mchele. Aliwahi kuingizwa kwenye upatu na watu waliovaa tai, wakatokomea na akiba yake.

"Hata wale walianza na karatasi, mwanangu," alisema.

Alasiri nikamkuta mdogo anatafuna visheti viwili, hana karatasi hata moja.

"Nimemuuzia dada zote. Kasema kuku anaumwa."

Kuku alikuwa anachakura mchanga, mzima kabisa. Nyuma ya pipa la maji kulikuwa na yai lililofunikwa kwa kitambaa. Nikamwita mkubwa.

"Ulijua kataga?"

"Nilijua."

"Na ukasema anaumwa?"

"Nilisema labda. Sikumlazimisha, mama. Tulielewana bei."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Nikamwambia kwenye soko la kweli hilo ni kosa, wapo wasimamizi wanaokamata watu wa namna hiyo.

"Wanajuaje?" akauliza mama mkwe.

Nilikuwa namfikiria yule aliyeniuzia hisa zangu: ni nani, na alisikia nini hata akauza?

Nikamwamuru mkubwa arudishe karatasi. Mdogo akaficha mikono mgongoni.

"Sizitaki. Kama ni nzuri, mbona unanirudishia?"

Tulimbembeleza, akakataa katakata. Kesho yake mkubwa alitoka na karatasi zote kumi kutafuta wanunuzi kwa watoto wa jirani. Mdogo alikuwa keshatangulia, kasimama mlangoni kwao.

"Msinunue," aliwaambia. "Muulizeni kwanza anauza kwa nini."